Jina Lililoandikwa kwa Mkono: Je, Kura Hiyo Inahesabiwa?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na watu wa mji)



Leo hatukuja kumtukana mtu wala kumsifu mtu. Tumekuja na swali moja. Watu wengi husikia redioni habari za uchaguzi wa Marekani, nao wanatuuliza hivi: "Kule Marekani, raia akiona majina yaliyochapwa katika karatasi ya kura hayamfai, anaweza kuandika jina la mtu mwingine kwa kalamu yake. Je, kura ya namna hiyo, ikipigwa katika uchaguzi wa ndani wa chama, inahesabiwa au inatupwa?"

Kuuliza si ujinga. Swali ni zuri, tena ni zito kuliko linavyoonekana, sababu ndani yake limekaa swali lingine: chama ni cha nani? Ni cha wakubwa walioketi mezani, au ni cha wanachama wanaotoa mchango wao kila mwezi?

Jibu kwa ufupi ni hili. Mahali pengine kura hiyo huhesabiwa kabisa, na watu wamepata vyeo kwa kura hizo. Mahali pengine huhesabiwa kwa masharti. Mahali pengine haihesabiwi hata moja, hata kama sanduku zima limejaa. Na imetokea pia kwamba serikali imezihesabu vizuri, lakini chama chenyewe kikakataa kuzitambua. Tutaeleza moja moja, nanyi mtapima wenyewe.

UCHAGUZI WA NDANI NI KITU GANI?

Marekani kuna vyama viwili vikubwa, chama cha Republican na chama cha Democratic. Kabla ya uchaguzi mkubwa wa mwezi wa Novemba, kila chama huchagua mtu wake mmoja kwa kila kiti. Zamani kazi hiyo ilifanywa na wakubwa wa chama peke yao, katika mikutano yao na katika vyumba vilivyofungwa. Raia waliletewa jina lililokwisha pikwa, kama ugali uliokwisha songwa. Kazi yao ilikuwa kula au kulala njaa. Watu wakanung'unika. Mwaka 1903 jimbo la Wisconsin, chini ya gavana Robert La Follette, likaweka sheria kwamba wapiga kura wenyewe ndio watakaochagua watu wa kusimama kwa jina la chama. Majimbo mengine yakafuata. Huo ndio uchaguzi wa ndani.

Na kalamu ilitoka wapi? Mpaka karibu mwisho wa karne ya 19, serikali kule haikuchapa karatasi za kura. Kila chama kilichapa karatasi zake zenye majina ya watu wake, na mtu aliweza kuichukua, akafuta jina moja na kuandika jingine. Mwaka 1888 jimbo la Massachusetts likaweka sheria ya karatasi moja kwa watu wote, iliyochapwa na serikali na kupigwa kwa siri, namna iliyoanza Australia mwaka 1856. Faida yake ilikuwa kubwa, sababu bwana wa kazi hakuweza tena kuona mfanyakazi wake amempigia nani. Lakini shauri jipya likazaliwa hapo hapo. Kama serikali ndiyo inayochapa karatasi, basi serikali ndiyo inayosema majina gani yaingie na majina gani yabaki nje. Ndiyo sababu majimbo mengi yaliacha mstari mtupu chini ya majina. Mstari ule ni mlango wa nyuma wa nyumba. Wakubwa wakifunga mlango wa mbele, raia aweze kupita huko.

SHERIA SI MOJA

Hapa watu wengi hukosea. Wanadhani Marekani ina sheria moja ya kura. Haina. Kila jimbo lina sheria zake, na katika jambo hili la kuandika jina majimbo yameachana mbali sana. Tuyaweke katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni majimbo yanayopokea jina lo lote. New Hampshire ni mmoja, Pennsylvania ni mwingine. Hapo mtu huandika jina analolitaka, na makarani wanapaswa kulisoma na kulihesabu, hata katika uchaguzi wa ndani. Lakini Pennsylvania imeweka kipimo. Mtu aliyeongoza kwa kura za kuandikwa hawi mshindi wa chama mpaka kura zake zisipungue hesabu ya sahihi ambazo angetakiwa kukusanya ili jina lake lichapwe. Maana yake, watu watatu wa nyumba moja hawawezi kumpa ndugu yao kiti kwa kuwa tu hakuna mwingine aliyesimama.

Kundi la pili ni majimbo yanayotaka mtu ajiandikishe kwanza. Jina lake halitachapwa, lakini lazima aseme mapema: "Mimi nitapigiwa kura za kuandikwa." Ohio inataka afanye hivyo siku 72 kabla ya uchaguzi. California inampa nafasi mpaka siku 14 kabla. Asipojiandikisha, hata watu elfu kumi wakiandika jina lake, kura zile hazitahesabiwa kwake. Kwa sheria hiyo serikali inaepuka kuhesabu majina ya mchezo, maana kila mwaka wako watu wanaoandika Mickey Mouse au Donald Duck.

Kundi la tatu ni majimbo yaliyofunga mlango. Hawaii, Louisiana, Nevada, Oklahoma na South Dakota hayana mstari mtupu kabisa. Na yako mengine yanayoruhusu kuandika jina katika uchaguzi mkubwa, lakini si katika uchaguzi wa ndani. Georgia na Florida ni hivyo. Texas pia ni hivyo, isipokuwa kwa vyeo vya chama chenyewe.

Basi mtu akiwaambia kwamba kura ya kuandikwa inahesabiwa Marekani, mwulizeni kwanza: jimbo gani? Na mwaka gani? Sababu sheria hizi hubadilishwa mara kwa mara.

MTU MMOJA WA HAWAII

Mlango uliofungwa haukufungwa bila kelele. Mwaka 1986 raia mmoja wa Hawaii, Alan Burdick, alitazama karatasi ya kura ya mtaa wake akaona kwamba kwa kiti cha mjumbe wa baraza la jimbo kuna mtu mmoja tu. Akasema: huu ni uchaguzi gani, mtu mmoja kushindana na kivuli chake? Akaomba ruhusa ya kuandika jina la mwingine. Serikali ya Hawaii ikakataa. Akashtaki. Shauri lilipanda mpaka Mahakama Kuu ya nchi nzima, likakatwa tarehe 8 Juni 1992. Waamuzi sita walisema Hawaii ina haki ya kukataza, watatu walisema haina.

Wale sita walisema hivi: katika Hawaii si vigumu kuingiza jina katika uchaguzi wa ndani. Sahihi 15 au 25 zinatosha, zikipelekwa siku 60 kabla. Asiyetaka majina yaliyopo alete lake mapema. Uchaguzi ni kazi ya kumpata kiongozi. Haukuwekwa ili kila mtu amwage hasira yake. Wale watatu wakajibu: raia anayefika mbele ya karatasi yenye jina moja asilolitaka, mmemwachia nini? Kunyamaza tu.

Sisi tunaona kila upande ulishika ukweli wake. Lakini pimeni neno moja katika hukumu ile. Mahakama ilikubali mlango wa nyuma ufungwe kwa kuwa mlango wa mbele ulikuwa wazi. Basi mahali ambapo mlango wa mbele umefungwa pia, hukumu ile haiwezi kuwa ngao ya wakubwa.

WALIOPITA KWA KALAMU

Sasa tuwaonyeshe kwamba njia hii si hadithi tu.

Mwaka 2006, katika bonde la mto Ohio, nchi ya makaa ya mawe na chuma, mtu wa chama cha Democratic aitwaye Charlie Wilson alitaka kwenda bunge la taifa. Sheria ilitaka sahihi 50 tu. Hamsini! Watu wake wa kazi walileta karatasi, zikapimwa, sahihi nyingine zikakataliwa, zilizobaki hazikufika 50. Jina lake likakosa kuchapwa. Hakwenda nyumbani kulia. Alijiandikisha kama mtu wa kura za kuandikwa, akazunguka kuwafundisha watu jinsi ya kuandika jina lake, akawashinda katika uchaguzi wa ndani wale waliochapwa. Novemba akashinda kiti.

Mwaka 2002, mjini Washington, meya Anthony Williams aliyekuwa tayari katika cheo alifutwa katika karatasi ya chama chake, sababu karatasi zake za sahihi zilijaa sahihi za uongo. Mji ukatoza kampeni yake faini kubwa, naye akashinda uchaguzi wa ndani kwa kura za kuandikwa. Hapo kalamu ilimwokoa mkubwa ambaye watu wake walifanya kazi mbaya. Kalamu haijui mwema wala mbaya. Humtumikia mwenye watu.

Na katika uchaguzi wa rais? Mwaka 1952, jimbo la Minnesota, watu zaidi ya 100,000 waliandika jina la jenerali Eisenhower katika uchaguzi wa ndani wa Republican, ingawa halikuchapwa. Alikuwa wa pili, nyuma ya Harold Stassen, mtoto wa jimbo lile. Lakini nchi nzima ilishtuka, na mwaka ule ule Eisenhower akachaguliwa kuwa rais. Mwaka 1964, New Hampshire, Henry Cabot Lodge alikuwa mbali sana, balozi huko Saigon. Watu waliandika jina lake mara zaidi ya 33,000, akawashinda Goldwater na Rockefeller ambao majina yao yalichapwa na ambao walizunguka jimbo zima. Je, alipata kusimama kwa urais? Hakupata. Chama kilimchukua Goldwater. Kushinda siku moja mahali pamoja si kushinda safari.

Tena mwaka 1968, jimbo lile lile, rais Lyndon Johnson hakuandikisha jina lake. Wafuasi wake waliliandika, akaongoza. Lakini Eugene McCarthy, aliyepinga vita vya Vietnam, alipata kama asilimia 42. Rais anayetawala kumpita mpinzani kwa hatua chache tu, watu walihesabu hiyo kuwa ni kushindwa. Tarehe 31 Machi Johnson akatangaza kwamba hatataka tena urais.

KARANI NA KALAMU YAKE

Ndugu wa mgodi, ninyi mnalijua neno hili kuliko wanasiasa. Mtu anajaza mawe katika wagoni tangu asubuhi, jasho linamtoka. Lakini karani wa kuhesabu asipotia alama katika kitabu chake, siku ya mshahara mtu huyo alifanya kazi gani? Hakufanya kitu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kura nazo ni hivyo.

Sikieni habari ya Detroit, mji wa viwanda vya motokari. Mwaka 2013 walikuwa wakimtafuta meya. Uchaguzi wao wa kwanza wa Agosti si wa chama. Ni wa kuwachuja watu wote mpaka wabaki wawili. Lakini njia ya kuhesabu ni ile ile. Mike Duggan aliondolewa katika karatasi, sababu alipeleka maombi yake wiki mbili hivi kabla ya kutimiza mwaka mmoja wa kukaa mjini. Kosa lake lilikuwa kuwahi! Akapigania kura za kuandikwa. Mtu mwingine, kinyozi mwenye jina linalofanana sana na lake, akajiandikisha naye ili apigiwe kura za namna hiyo hiyo. Watu wakaandika jina la Duggan zaidi ya mara 40,000, akawa wa kwanza.

Kisha ikaja shida. Sheria ilitaka makarani wa vituo watie vijistari vya kuhesabia, vitano vitano, kando ya kila jina. Katika vituo vingi waliandika tarakimu tu bila vijistari. Wakubwa wa kura wa wilaya wakasema kura elfu nyingi ziwekwe kando. Kama zingetupwa, mshindi wa kwanza angekuwa mwingine. Mpiga kura alifanya kazi yake yote, akaandika jina vizuri, na kura yake ingekufa kwa sababu ya vijistari vya karani! Baraza la kura la jimbo la Michigan likashika shauri, likakubali kura zile zihesabiwe. Duggan akabaki wa kwanza, na Novemba akachaguliwa kuwa meya.

Na Alaska, mwaka 2010, Senateri Lisa Murkowski alishindwa na Joe Miller katika uchaguzi wa ndani wa Republican. Akasimama katika uchaguzi mkubwa kwa kura za kuandikwa, akapata zaidi ya 100,000. Tazameni jina hilo: Murkowski. Nani ataliandika bila kukosa herufi? Watu wake waligawa vikuku vya mkononi vyenye jina lile ili watu wanakili. Watu wa Miller wakabishana juu ya karatasi elfu kadhaa, wakisema herufi moja ikikosekana kura ife. Mahakama ya juu ya Alaska ikakata shauri mwezi wa Desemba: kama inaonekana wazi mpiga kura alimtaka nani, kosa la herufi haliui kura.

Hilo ni neno la haki. Kura si mtihani wa shule. Na kwa mama asiyejua kuandika, au baba ambaye macho yamekwisha? Sheria ya Marekani tangu 1982 inasema mtu asiyeweza kusoma au kuandika anaweza kuchukua msaidizi anayemtaka mwenyewe aingie naye, isipokuwa bwana wake wa kazi au mtu wa bwana huyo, wala mkubwa wa sendika yake. Sheria hiyo ilijua nani ana mkono wa kumlazimisha mtu.

MLANGO WA NYUMA UKITUMIWA NA WEZI

Lakini tusiwafiche ubaya wake. Florida ina jambo la ajabu. Mwaka 1998 raia waliingiza neno katika sheria kuu ya jimbo: kama wote wanaotaka kiti ni wa chama kimoja, na mshindi wa ndani hatapata mpinzani Novemba, basi raia wote wapige kura katika uchaguzi ule wa ndani, hata wasio wa chama. Ni haki, sababu huo ndio uchaguzi wenyewe. Nini kikafuata? Mtu mmoja akijiandikisha kama mtu wa kura za kuandikwa kwa Novemba, serikali huhesabu kwamba mpinzani yuko, na uchaguzi wa ndani hufungwa kwa wasio wanachama. Mtu huyo hafanyi mkutano, haombi kura, jina lake halichapwi mahali po pote. Kazi yake ni kufunga mlango tu. Kwa jina moja ambalo karibu hakuna atakayeliandika, watu wengi sana hunyimwa kura. Chombo kilichotengenezwa kumfungulia raia, hapo kimegeuzwa kuwa kufuli.

CHAMA KIKISEMA "SISI NI KLABU"

Sasa tumefika kwenye mzizi wa shauri. Wakubwa wa chama wanaweza kusema: "Chama ni nyumba yetu. Uchaguzi wa ndani ni mambo yetu. Tukihesabu au tusihesabu, serikali inahusika wapi?"

Neno hilo lilisemwa kweli, na lilifanya maovu makubwa. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, kwa miaka mingi chama cha Democratic ndicho kilichoshinda karibu kila kiti. Aliyeshinda uchaguzi wa ndani alikuwa amekwisha shinda yote. Na chama kiliwafungia nje watu weusi, kikisema: sisi ni klabu, tunachagua wanachama wetu. Mtu mweusi aliruhusiwa kupiga kura Novemba, mambo yakiwa yamekwisha. Alikaribishwa mezani baada ya sahani kuoshwa.

Ukuta huo ulipigwa mara mbili. Mwaka 1940, mjini New Orleans katika jimbo la Louisiana, makarani wa uchaguzi wa ndani walishtakiwa kwa kubadilisha karatasi za kura na kuandika hesabu ya uongo. Mahakama Kuu ikasema mwaka 1941 kwamba, pale uchaguzi wa ndani unapokuwa sehemu ya kumchagua mjumbe, haki ya raia si kutumbukiza karatasi tu. Ni karatasi ile ihesabiwe jinsi ilivyopigwa. Kisha daktari wa meno mweusi wa Houston, Lonnie Smith, akashtaki kwa kuzuiwa katika uchaguzi wa ndani wa Texas. Tarehe 3 Aprili 1944 Mahakama ikasema chama hakiwezi kumzuia mtu kwa sababu ya rangi yake, maana uchaguzi wa ndani ni kazi ya serikali ingawa umevaa nguo ya chama. Basi kwa kazi kama hiyo neno "klabu" lilikwisha kufa.

Lakini halikufa lote. Mwaka 1954, South Carolina, senateri mmoja alikufa mwanzoni mwa Septemba. Halmashauri ya chama cha Democratic ikaketi ikamtaja Edgar Brown kuwa mtu wake, bila uchaguzi wa ndani. Watu wakakasirika: nani amewaulizeni? Strom Thurmond akasimama kwa kura za kuandikwa, akaahidi kwamba akishinda atajiuzulu mwaka 1956 ili raia wafanyiwe uchaguzi wa ndani walionyimwa. Akashinda, kura zaidi ya 143,000 kwa 83,000, na mwaka 1956 akatimiza ahadi. Tuseme na upande mwingine: Thurmond huyo alikuwa mtetezi mkubwa wa ubaguzi, na watu weusi wengi wa jimbo lile hawakuruhusiwa hata kukaribia sanduku. Watu walidai haki yao mbele ya wakubwa wa chama, na huku wao wenyewe waliikalia haki ya jirani. Somo la kalamu tunalichukua; moyo ule hatuuchukui.

Na juzi juzi, mwaka 2024, New Hampshire tena. Chama cha Democratic kiliamuru South Carolina ipige kura kwanza. New Hampshire ina sheria yake ya kuwa wa kwanza, ikakataa. Rais Joe Biden hakuweka jina lake katika karatasi ya kule. Wafuasi wake wakaliandika kwa mkono, na tarehe 23 Januari akashinda kwa asilimia zaidi ya 60. Makarani walizihesabu kwa mikono yao, serikali ya jimbo ikatangaza. Lakini chama cha taifa kilikuwa kimekwisha sema: uchaguzi huo hautoi mjumbe hata mmoja. Kura zikahesabiwa, na uzito wake ukawekwa kando! Baadaye watu wa jimbo wakapatana na chama, wajumbe wakapokelewa. Na mwishowe, tarehe 21 Julai, Biden mwenyewe akajiondoa.

Mnaona sasa? Kuna hesabu mbili. Ya kwanza ni ya karani: kura ni ngapi? Ya pili ni ya chama: kura hizi zina nguvu gani? Mtu anaweza kushinda ya kwanza akanyimwa ya pili.

SISI TUNACHUKUA NINI?

Huku kwetu Kongo mpiga kura huchagua katika watu walioandikishwa. Hana mstari mtupu wa kuandika jina jingine. Chama hupanga orodha yake, raia huipokea. Hatusemi kwamba lazima tuige desturi za Marekani. Kila nchi hushona nguo kwa kipimo chake. Lakini maswali manne tunaweza kuyauliza katika chama cho chote, katika sendika, katika kooperative, hata katika kikundi cha akina mama cha kuchanga.

La kwanza: jina linaingiaje katika orodha? Kama njia ni nyepesi na inajulikana na wote, ni vizuri. Kama njia inapita katika chumba cha mtu mmoja, hapo pana ugonjwa.

La pili: masharti yanajulikana lini? Charlie Wilson alikosa sahihi chache, Duggan aliwahi wiki mbili. Sheria isomwe miezi kabla ya siku ya kura, si usiku wa kuamkia siku ile.

La tatu: nani anashika kalamu ya kuhesabu, na nani amesimama nyuma yake akitazama? Mshangilie mtu wenu mkutanoni, lakini mpelekeni na shahidi mezani pa hesabu. Shahidi mmoja anayejua sheria ana faida kuliko ngoma kumi.

La nne: baada ya kuhesabu, wakubwa wamefungwa na hesabu ile, au wanaweza kuigeuza? Neno hilo liandikwe katika sheria za chama kabla ya kura, sababu baada ya kura kila mtu huwa na sheria yake.

Basi, jibu kwa waliotuuliza: ndiyo, kura iliyoandikwa kwa mkono inaweza kuhesabiwa katika uchaguzi wa ndani, pale sheria inapoiruhusu, mtu akitimiza masharti, karani akifanya kazi yake, na chama kikiheshimu hesabu. Likikosekana moja katika hayo manne, wino unakauka bure.

Ndugu, mtu akitaka kujua chama ni cha nani, asisikilize nyimbo za mkutano. Aende akatazame siku ya kutaja majina, kisha akatazame siku ya kuhesabu kura. Kati ya siku hizo mbili ataona mwenye nyumba.

 Asomaye amsomee asiyejua kusoma.